Peter Cartwright: Moto Uliopanda Farasi

Andiko la kusoma nyumbani: Mathayo 7:15–20 na 1 Yohana 4:1



Kila mtu aliyewahi kuhudhuria mkutano mkubwa wa injili au kesha analijua swali hili, hata kama haliulizi kwa sauti. Usiku ule watu walilia, wengine wakaanguka chini, wengine wakaruka kwa furaha. Sawa. Jumatatu je? Mwaka ujao je? Yule aliyeanguka mbele ya madhabahu, baada ya miaka kumi utamkuta wapi?

Wiki hii tunaangalia maisha ya mtumishi mmoja wa Mungu aliyeokoka katika uamsho uliojaa vilio na kuanguka kwa namna hiyo, zaidi ya miaka 200 iliyopita. Alikuwa kijana wa miaka 15. Alipokufa alikuwa na miaka 87 na bado alikuwa mhubiri. Jina lake ni Peter Cartwright, mchungaji wa Kimethodisti katika misitu ya magharibi ya Marekani ya zamani.

Kijana wa nchi isiyo na sheria

Cartwright alizaliwa tarehe 1 Septemba 1785 katika jimbo la Virginia. Baba yake alikuwa amepigana katika vita vya uhuru wa Marekani dhidi ya Uingereza. Baada ya vita familia nyingi zilivuka milima kwenda Kentucky kutafuta mashamba, na akina Cartwright wakawa miongoni mwao. Ardhi ile haikuwa tupu. Ilikuwa na wenyewe, makabila ya asili, na waliipigania. Damu ilimwagika pande zote mbili. Peter alikuwa mtoto mdogo, lakini hofu ya safari ile hakuisahau: msafara mrefu wa familia, vijana wenye bunduki wakilinda, na usiku hakuna anayelala vizuri.

Mwaka 1793 familia ilihamia Logan County, kusini mwa Kentucky. Mahali pale palijulikana kama kimbilio la majambazi. Ukiua mtu au ukiiba farasi mashariki, unatorokea huko. Shule ya maana haikuwepo. Kinu cha kusaga unga kilikuwa mwendo wa maili 40. Jumapili ilikuwa siku ya kuwinda, kuvua samaki, mbio za farasi, karata na dansi.

Mama yake Peter alikuwa Mmethodisti mwenye kuomba. Baba yake hakuwa mtu wa kanisa. Huyo baba alimpa mwanawe farasi wa mashindano na karata za kuchezea, na kijana akawa hodari kweli kweli katika mambo hayo. Mama alilia na kuomba. Hapo nyumbani basi kulikuwa na mashindano mengine: magoti ya mama upande mmoja, na farasi wa baba upande wa pili.

Usiku baada ya harusi

Mwaka 1801 Peter alikwenda na baba yake harusini, maili chache kutoka nyumbani. Walikunywa, wakacheza dansi, wakarudi usiku. Akiwa amekaa karibu na moto, akianza kufikiria jinsi siku ilivyopita, hali ikambadilika ghafla. Damu ilimpanda kichwani, moyo ukamwenda mbio, macho yakaona giza. Alijua anakufa, na alijua hayuko tayari. Akapiga magoti kuomba rehema. Mama yake akaruka kutoka kitandani, akapiga magoti kando yake, na wakaomba pamoja.

Asubuhi alimwomba baba yake amuuze yule farasi. Karata akamletea mama, naye akazitupa motoni.

Lakini angalieni jambo hili, wapendwa. Amani haikuja usiku ule. Ilichukua kama miezi mitatu. Alikuwa anaingia msituni kuomba peke yake, analia, anasoma, anarudi na mzigo ule ule. Siku hizi tunataka kila kitu kiishe kabla ya mhubiri kushuka jukwaani. Peter alingoja.

Wakati huo huo uamsho mkubwa ulikuwa unawaka Kentucky. Watu walikuja kwa magari ya kukokotwa, wakapiga hema msituni, wakakaa siku kadhaa wakisikiliza neno mchana na usiku. Wapresbiteri, Wamethodisti na Wabaptisti walihubiri pamoja, wengine wamesimama juu ya visiki vya miti. Mkutano uliojulikana zaidi ulikuwa wa Cane Ridge, mwezi wa Agosti 1801, ambako walikusanyika maelfu kwa maelfu. Mikutano hiyo ya kambi ndiyo iliyorithiwa baadaye na vuguvugu la utakatifu, na kutoka huko ikafika kwa Wapentekoste. Kwa hiyo tukisoma habari za kambi hizi, tunasoma habari za bibi na babu zetu wa kiroho.

Katika mkutano mmoja wa namna hiyo karibu na kwao, majira ya kuchipua ya 1801, Peter alikwenda mbele pamoja na umati uliokuwa unalia. Hapo ndipo alipopata hakika moyoni kwamba dhambi zake zimesamehewa. Aliinuka akiwa mtu mwingine. Muda si mrefu akajiunga na Wamethodisti, kanisa la mama yake.

Mama alisema nenda

Mwaka 1802, akiwa bado kijana wa miaka 16, alipewa kibali cha kuonya na kuhimiza watu ibadani. Mwaka uliofuata aliombwa aingie katika kazi ya mzunguko. Wamethodisti wa wakati ule hawakungoja watu wajenge kanisa ndipo wapate mchungaji. Mhubiri alipewa eneo kubwa, akapanda farasi na kulizunguka wiki baada ya wiki. Alihubiri katika nyumba za magogo, chini ya miti, popote watu watano au sita walipokusanyika. Mfukoni na kwenye mifuko ya tandiko alikuwa na Biblia, kitabu cha nyimbo na kitabu cha kanuni za kanisa. Hiyo ndiyo ilikuwa maktaba.

Baba alikataa asiende. Mama alisema nenda. Akaenda.

Posho ya mhubiri asiye na mke ilikuwa dola 80 kwa mwaka, na mara nyingi hata hizo hazikupatikana. Mito ilivukwa kwa kuogelea na farasi. Usiku ukikukuta msituni, unalala hapo hapo. Wahubiri wengi walikufa vijana, au wakaiacha kazi kwa kuvunjika afya.

Baada ya kama miaka mitatu akiwa mbali, Cartwright alijikuta ng'ambo ya mto Ohio, maili 500 kutoka kwa baba yake. Farasi wake alikuwa amepofuka. Tandiko limechakaa. Nguo zimewekwa viraka juu ya viraka mpaka kitambaa cha kwanza hakijulikani ni kipi. Mfukoni alikuwa na senti 75. Akaanza safari ya kurudi nyumbani hivyo hivyo, akisaidiwa njiani na watu asiowajua, na alipofika alikuwa amebaki na senti sita na robo.

Nani alimpokea? Yule baba aliyemkataza. Alimpa nguo mpya, farasi, tandiko na dola 40. Kijana akapumzika kidogo, kisha akapanda tena farasi na kurudi kazini. Mwaka 1806 Askofu Francis Asbury alimwekea mikono kuwa shemasi. Mwaka 1808 William McKendree, aliyekuwa ameshakuwa askofu, alimwekea mikono kuwa mchungaji kamili. McKendree huyo ndiye aliyemwelekeza vitabu vya kusoma na akamsukuma ajifunze sarufi. Mwaka huo huo Cartwright alimwoa Frances Gaines, na Mungu akawajalia watoto tisa.

Mtu asiyeogopa mkubwa

Cartwright alikuwa na mwili wa nguvu, sauti ya radi na utani mwingi. Wahuni walikuwa na tabia ya kuja kuvuruga kambi, wamelewa, na mijeledi mkononi. Mahakimu wakiogopa kuwakamata, yeye aliwakamata. Kuna siku alimwangusha mmoja chini kwa mkono wake mwenyewe, kisha jioni akapanda jukwaani akahubiri. Hatusemi wazee wetu wa milangoni waige hayo! Lakini mjue nchi ile ilikuwa ya namna gani.

Kisa kinachopendwa zaidi alikisimulia mwenyewe. Alikuwa anasafiri milimani, Jumamosi jioni, akaomba malazi katika nyumba ya wageni. Kumbe usiku ule kuna dansi. Alikaa kimya pembeni. Msichana mmoja akaja kwa heshima, akamwomba wacheze. Cartwright akasimama, akamshika mkono, wakaenda hadi katikati. Mpiga fidla alipotaka kuanza, mhubiri akasema yeye hafanyi jambo lolote la maana kabla hajamwomba Mungu alibariki. Akapiga magoti pale pale, bado amemshika binti wa watu mkono, akaanza kuomba kwa sauti yote. Wengine walikimbia, wengine wakaanza kulia, na wengine wakapiga magoti. Dansi iliishia hapo. Kabla ya asubuhi watu kama 15 walikuwa wamempa Bwana maisha yao, na kesho yake akaandikisha kanisa dogo pale.

Kingine kilitokea Nashville mwaka 1818. Akiwa anahubiri, Jenerali Andrew Jackson, shujaa wa vita ambaye baadaye alikuwa rais, aliingia ibadani. Mchungaji mwenyeji akamvuta Cartwright koti na kumnong'oneza kwamba jenerali amefika. Cartwright akasema kwa sauti, kila mtu asikie, kwamba Jackson asipotubu atahukumiwa sawa na mtu wa chini kabisa. Mwenyeji alikasirika mno. Jackson je? Walipokutana alimshika mkono na kumwambia kwamba mhubiri anapaswa kuwa mtu asiyemwogopa yeyote.

Hakupokea kila roho

Wapendwa, hapa tusimame kidogo. Katika kambi zile watu walianguka kama waliopigwa risasi. Wengine walishikwa na mitikisiko ya mwili wasiyoweza kuizuia, mpaka kofia za akina mama na vitana vya nywele vikaruka. Cartwright aliyaona hayo kwa mamia. Hakuyadharau. Aliamini Mungu anaweza kumtikisa mwenye dhambi mwenye kiburi ili amnyenyekeze.

Lakini pia aliona jinsi watu walivyopotea humo humo. Walitokea waliodai wamezimia na kuona mbingu, wakarudi na unabii, wengine hata na tarehe ya mwisho wa dunia. Wahubiri kadhaa wa uamsho ule waliacha imani yao na kuwafuata walimu wageni. Cartwright aliwapinga hadharani. Kipimo chake kilikuwa rahisi: je, maisha yamebadilika? Ameacha pombe? Ametengeneza na jirani yake? Anaomba nyumbani kwake, au ni hapa kambini tu?

Ndiyo maana hakuondoka baada ya kambi. Alirudi. Mzunguko ule wa farasi ulikuwa ni kurudi kwa wale wale walioanguka, kuwakusanya katika madarasa madogo, kuwauliza wanaendeleaje na Mungu, kuwakemea na kuwatia moyo. Mkutano wa kambi ulikuwa siku nne au tano. Mzunguko haukuwa na mwisho.

Gharama ya kuondoka Kentucky

Kentucky ilikuwa nchi ya utumwa. Watu weusi, watu wa asili ya bara letu, waliuzwa na kununuliwa, na wanunuzi wengine walikuwa washirika wa kanisa. Cartwright aliuchukia utumwa na aliona jinsi ulivyoharibu dini ya waliokuwa na watumwa. Alikuwa na mabinti wanaokua. Alijua wakibaki wataolewa katika nyumba zenye watumwa, na baada ya kizazi kimoja familia yake itakuwa inakula jasho la wengine. Pia alikuwa maskini, na alihitaji mahali penye ardhi kwa watoto. Akaamua kuhamia Illinois, jimbo lisiloruhusu utumwa. Mwaka 1824, katika mwezi wa Agosti, wapiga kura wa Illinois walikuwa wamekataa mpango wa kufungua mlango kwa utumwa. Miezi michache baadaye akina Cartwright wakafunga mizigo.

Njiani walilala nje usiku mmoja, wakawasha moto kwenye shina la mti ulioonekana mzima. Kumbe ndani umeoza. Karibu na mapambazuko mti ukaanguka, ukamlalia Cynthia, binti yao wa tatu. Alikufa pale pale. Waliubeba mwili wake katika gari maili kama 20 mpaka kwa mtu waliyemfahamu, wakamzika huko, kisha wakaendelea na safari. Mwezi wa Novemba walifika Sangamon County, mahali panapoitwa Pleasant Plains.

Hebu mzazi ajiweke hapo. Umeondoka kwa ajili ya watoto wako, na mmoja umemzika njiani. Wengi tungesema, labda Mungu hakututuma. Cartwright na Frances hawakurudi nyuma.

Tuseme kweli pia: katika jambo la utumwa hakuwa mkali kama wengine. Aliwaogopa wale waliotaka utumwa ukomeshwe mara moja, akafikiri kwamba upole ungewashawishi wenye watumwa. Haikuwa hivyo. Mwaka 1844 mkutano mkuu wa Wamethodisti ulimjadili askofu mmoja aliyekuwa na watumwa. Cartwright alikuwa mjumbe na alisimama na upande wa kaskazini dhidi ya askofu huyo, na kanisa likagawanyika vipande viwili. Miaka 17 baadaye taifa lenyewe likaingia vitani.

Mpinzani aliyemwokoa mjukuu

Huko Illinois Cartwright aliingia siasa, akisema anataka kulinda jimbo lisirudi utumwani. Mwaka 1828 alichaguliwa katika bunge la jimbo, na tena mwaka 1832. Kati ya walioshindwa mwaka huo alikuwamo kijana wa miaka 23 aitwaye Abraham Lincoln. Mwaka 1846 wakakutana tena, wakigombea kiti cha bunge la taifa. Upande wa Cartwright ulieneza habari kwamba Lincoln hana dini. Lincoln akashinda kwa kura nyingi, na mchungaji akarudi kwa farasi wake.

Sasa sikieni mkono wa Mungu. Mwaka 1859 mjukuu wa Cartwright, Quinn Harrison, aligombana na kijana mwenzake, Greek Crafton, akamchoma kisu. Crafton alikufa baada ya siku chache. Harrison akashtakiwa kwa mauaji. Wakili aliyesimama kumtetea alikuwa nani? Abraham Lincoln, yule yule. Na marehemu aliwahi kusomea sheria katika ofisi yake Lincoln.

Mzee Cartwright aliitwa kutoa ushahidi. Alikuwa amekwenda kando ya kitanda cha yule kijana anayekufa. Akaieleza mahakama kwamba Crafton alikiri ugomvi aliuleta mwenyewe, na kwamba alimsamehe Quinn. Lincoln alipigana ili ushahidi huo ukubaliwe, na ukakubaliwa. Harrison akaachiliwa. Yule ambaye watu wa mchungaji walimwita mtu asiye na dini ndiye Mungu aliyemtumia kuiokoa nyumba ya mchungaji. Mwaka uliofuata Lincoln alichaguliwa rais.

Mpaka mwisho

Cartwright alipenda kuwacheka wahubiri waliosoma sana na kuhubiri kwa karatasi. Hata hivyo, mtu huyo huyo alisaidia kuanzisha vyuo vya McKendree na Illinois Wesleyan, ili watoto wa wakulima wapate kile alichokosa yeye. Mwaka 1856 alichapisha kitabu cha maisha yake. Ndani yake alipiga hesabu ya miaka 53 ya kazi: mahubiri kama 14,600, watoto 8,000 na watu wazima 4,000 waliobatizwa. Kwa miaka 50 alisimamia wahubiri wa wilaya nzima, na mwaka 1869 kanisa lilimfanyia sherehe kwa hilo. Alikufa Pleasant Plains tarehe 25 Septemba 1872.

Tubebe nini nyumbani?

Kwanza, mama anayeomba usichoke. Farasi wa mashindano aliuzwa.

Pili, hatuogopi moto wa madhabahuni. Anguka ukianguka. Lakini ukiinuka, rudi nyumbani, lipa deni la watu, omba msamaha kwa uliyemkosea, jiunge na ushirika wa nyumbani ambapo kuna mtu wa kukuuliza unaendeleaje. Tutawatambua kwa matunda.

Tatu, utii una gharama, na wakati mwingine gharama inakuja baada ya kutii. Kaburi la njiani halina maana kwamba ulikosea njia.

Nne, chunga ulimi wako juu ya mpinzani, hasa wakati wa siasa. Hujui ni nani atasimama mahakamani kwa ajili ya mtoto wako.

Maombi ya wiki

Tuwaombee wote waliookoka katika mikutano ya mwaka huu, kwa majina. Kila mmoja achague mmoja, ampigie simu, amtembelee. Farasi hatuna, lakini miguu tunayo. Mungu awabariki.